Mjadala: "Deindustrialization" ni kufa kwa viwanda, au tunalitafsiri kivivu?

Wakuu, salaam. Nina tafsiri mezani na neno moja la Kiingereza limenikaba: deindustrialization. Limejitokeza mara kumi na moja, na mara zote nilikuwa nimeandika "kufa kwa viwanda" nikasonga mbele. Kisha nikasikiliza watu wawili wakibishana saa nzima. Mmoja anasema Marekani imekwisha kiviwanda, mwenzake anasema viwanda vyake vinazalisha kuliko zamani, na wote wawili takwimu zao ni za kweli. Nikajua ugomvi umo ndani ya neno lenyewe.

Katikati ya 1979 viwanda vya Marekani viliajiri watu karibu milioni 19.5. Leo hawafiki milioni 13. Huyo wa kwanza anahesabu watu. Wa pili anahesabu mali inayotoka, ambayo kwa vipimo rasmi ni karibu mara mbili ya ile ya 1979. Chukueni chuma: mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilikula kama saa 10 za kazi ya mtu, sasa hazifiki 2. Chuma ni kile kile, ila asubuhi wanaoingia getini ni wachache.

Wako na wanaohesabu fungu, yaani katika kila wafanyakazi mia wa nchi, wangapi wako viwandani. Hapo kuna kichekesho. Mpishi wa kantini akiajiriwa na kiwanda, anahesabiwa mtu wa kiwanda. Kazi ya kantini ikipewa kampuni ya nje, mpishi yule yule, sufuria zile zile, anahamia kwenye safu ya huduma. Takwimu zinasema kiwanda kimepungua, na hakuna mashine iliyozimwa.

Msimamo wangu ni huu: anayelitumia neno hili aseme anahesabu nini, halafu aseme nani katenda. Zamani mtendaji alitajwa. Mwaka 1944 Henry Morgenthau, waziri wa fedha wa Marekani, alitaka Ujerumani ikishashindwa vita ivuliwe viwanda vyake, na Septemba ile kule Quebec Roosevelt na Churchill wakaridhia waraka wa kuifanya nchi ya kilimo na malisho. Mpango haukutekelezwa ulivyoandikwa, lakini aliyekusudia kuvua viwanda alijulikana kwa jina. Leo neno linasemwa kama tunavyosema kiangazi kimeingia. Kiswahili hakituruhusu kujificha hivyo: ama viwanda vimekufa, ama vimeuawa. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mleta mada, kwenye kuhesabu nakuunga mkono, kwenye mtendaji hapana. Angalia kilimo. Wanaolima Marekani hawafiki asilimia 2 ya nguvukazi, na hakuna anayesema kilimo cha Marekani kimekufa. Trekta lilichukua nafasi ya watu, basi. Viwandani ni roboti. Unamtafutia muuaji marehemu ambaye yuko hai na anazalisha.

Mchangiaji wa 2

Mkuu hapo juu, taratibu. Huo uzalishaji "mara mbili" umeuchungulia ndani? Mchumi Susan Houseman aliuchambua akakuta sehemu kubwa ya ukuaji ule inatoka kwenye kompyuta na vifaa vya elektroniki. Kompyuta ya mwaka huu ikiwa na kasi kuliko ya mwaka jana kwa bei ile ile, watakwimu wanaiandika kama uzalishaji umeongezeka, hata kama idadi iliyotoka kiwandani ni ile ile. Ukiiweka kompyuta pembeni, viwanda vilivyobaki ukuaji wao ni wa kusuasua. Kwa hiyo mfano wa trekta hautoshi.

Na kuhusu mtendaji, someni habari za Youngstown, Ohio. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell, na watu kama 5,000 wakawa hawana kazi. Hakukuwa na roboti pale. Mitambo ilikuwa chakavu. Tangu 1969 mmiliki alikuwa Lykes, kampuni ya meli ya New Orleans, na wakosoaji wake wanasema fedha za chuma zilikwenda kwingine badala ya kurudi kwenye tanuru. Ndiyo maana wachumi Barry Bluestone na Bennett Harrison, walipolieneza neno hili mwaka 1982, walilieleza kama kuondoa mtaji kwa mapana na kwa mpango kutoka kwenye uwezo wa nchi wa kuzalisha. Mtaji hauna miguu jamani, kuna aliyeuondoa.

Mchangiaji wa 3

Mimi nauliza kuhusu India. Kwa makadirio ya mwanahistoria wa uchumi Paul Bairoch, mwaka 1750 India ilitoa karibu robo ya bidhaa za viwandani duniani. Kufikia 1900 ni kama asilimia 2. Wanahistoria wanatumia neno hili hili. Lakini 1750 hakukuwa na bomba la moshi wala king'ora. Kulikuwa na mwanamke na gurudumu lake la kusokotea nyuzi, na mfumaji na kitanda chake cha mfumi nyumbani. Tukiandika "kufa kwa viwanda", msomaji ataona mageti na mashine ambazo hazikuwepo.

Mchangiaji wa 1

Kiwanda si lazima kiwe na bomba la moshi, ndugu. Kiwanda cha seremala je?

Mchangiaji wa 3

Hapo umenipata.

Mleta mada

Nashukuru. Mchangiaji wa 1, nakubali nusu: panapopungua watu tu huku mali ikitoka, nitaandika "kupungua kwa ajira viwandani", maneno manne, bila msiba. Kwa Youngstown nitaandika "kuvifilisi viwanda", ili msomaji aulize nani kafilisi. India nitaandika "kuvunjwa kwa ufumaji na usokotaji", maana ndicho kilichovunjwa.

Sehemu moja imenishinda. Mchumi Dani Rodrik ana hoja kwamba nchi nyingi zinazoendelea zinaanza kupoteza viwanda zikiwa bado maskini, mapema kuliko ilivyokuwa kwa zilizotangulia, naye analiongezea neno hili sifa ya "kabla ya wakati". "Kufa kabla ya wakati" inasikika kama tangazo la mazishi. "Kuvia" ndilo lililonijia, kama mmea uliodumaa kabla ya kubeba, ila mhariri wangu anasema kilichovia hakijawahi kukua, na baadhi ya nchi hizo viwanda zilikuwa navyo. Mwenye neno alete. "Kufa kwa viwanda" imebaki mahali pawili kati ya kumi na moja, na pote pawili viwanda vilikufa kweli.