Uwanja wa Sokoine, Mbeya: tuanze na maji au umeme wa jua?

Mkazi wa Uyole: Ndugu zangu, iwapo Uwanja wa Sokoine ungekarabatiwa kwa kuzingatia mazingira, fedha za mwanzo zielekezwe kwenye maji au umeme wa jua?

Mpenda Soka, Forest: Maji. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha hufuata miezi mikavu ambayo nyasi huhitaji kumwagiliwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 2,000 laweza kukusanya karibu lita 40,000 inaponyesha mvua ya milimita 20. Kuyaacha yaishie mtaroni, kisha tumwagilie nyasi kwa maji ya kunywa yaliyokwisha kutibiwa, kunaniumiza sana.

Fundi Umeme, Iringa: Naafiki, ila paa hilohilo hubeba paneli. Uwanja wa Kaohsiung, Taiwan, uliokamilika mwaka 2009, una paneli 8,844. Kwetu taa za uwanjani huwashwa saa chache tu, hivyo umeme wa mchana usukume pampu za maji.

Mkazi wa Uyole: Nashukuru. Je, tangi lichimbwe chini ya jukwaa?

Fundi Umeme, Iringa: Hapana, ndugu; liwe nje, mahali ambapo tope linaweza kuondolewa kwa urahisi.