Nimelipia kulala ndani ya gari langu kwenye feri, mama yangu akalazwa koridoni

Wakuu, habari za majukumu. Wiki ya tano hii natembea na hasira kifuani, leo naitua hapa.

Naishi Munich na familia. Agosti mama alikuja kututembelea kutoka Bukoba, tukasema tumpeleke Ugiriki akapunge upepo. Tukakodi kempavani, haya magari marefu yenye kitanda, friji na jiko la gesi ndani. Unakatiza Austria (stika ya barabara unanunua, ukifika Brenner unalipa tena, stika haihesabiki), unashuka Italia kupitia Verona, Bologna, hadi bandari ya Ancona. Karibu kilomita 800. Hapo unapanda feri ya usiku, saa kumi na sita hivi majini, asubuhi uko Igoumenitsa, bandari ya Ugiriki.

Majira ya joto, feri za njia ile zinauza tiketi ya kulala ndani ya gari lako mwenyewe. Gari linapangwa kwenye deki ya wazi, yenye madirisha makubwa yasiyo na vioo, unachomeka umeme, choo na bafu viko jirani. Mtungi wa gesi unaufunga, kupika hakuna, lakini kitanda ni chako. Na kwa kuwa kitanda mmekuja nacho, abiria mnakatiwa nauli ya chini kabisa, isiyo na kebini wala kiti. Hilo la kebini na kiti mlishike, ndipo mchezo ulipo.

Tiketi nilikata mwezi wa tatu. Siku ya safari tumefika bandarini saa nne nzima kabla. Jamaa anayepanga magari anaita "Patras! Patras! Igoumenitsa!" kama konda wa Mbagala, na zamu yetu ilipofika akanyoosha mkono kwenye njia inayoshuka chini. Nikamwonyesha tiketi. Akaisoma, akachomoa futi, akapima gari mpaka ncha ya kibebeo cha baiskeli. Mita 6.4, vilevile nilivyoandika na nilivyolipia. Akakunja futi yake taratibu. "Juu kumejaa." Kumejaaje, na mimi nafasi yangu nimelipia tangu Machi? Nyuma malori yanapiga honi, jamaa anagonga boneti kwa kiganja, shuka, shuka. Nikashuka.

Mama alinishika mkono. Wa Bukoba mnaelewa. Tarehe 21 Mei 1996 dada yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama, na tangu siku ile mama hakai sehemu ya chini ya meli yoyote. Tumbo la feri lile ni giza la dizeli, minyororo inaburuzwa sakafuni, magari yamebanwa mpaka mlango unafunguka nusu. Tukapewa dakika chache tutoke, kisha milango ikafungwa mpaka kesho. Kwa haraka ile mke wangu alichukua begi la mtoto na dawa za presha za mama. Mablanketi, masweta na chakula vyote vikabaki.

Kabla hamjanirukia: sipingi deki ya chini kufungwa. Desemba 28, 2014 feri ya Norman Atlantic ilishika moto kwenye sehemu ya magari ikiwa njia hiihii, inatoka Ugiriki kwenda Ancona, watu wakafa. Februari 2022 ikaungua Euroferry Olympia karibu na Corfu, wakafa 11, madereva wa malori, na baadhi walikutwa kwenye magari yao. Moto ukianza kule chini umekwisha. Ndiyo maana ruhusa ya kulala garini ni ya deki ya wazi tu. Sasa kama unajua huko chini mtu halali, na tiketi yake unajua haina kebini wala kiti, unamshusha ukitegemea alale wapi?

Nikaenda mapokezi. Dada wa pale ananiambia kwa upole kabisa kwamba tiketi yangu ni ya deki, nikitaka kebini ipo moja, euro 210. Nikamweleza kisa chote. Akaniambia ya upakiaji wa magari hayamhusu. Wa magari nikamtafuta, nikaambiwa yuko kazini chini, na chini hakuingiliki. Zile euro 210 sikutoa. Mke wangu mpaka leo ananilaumu kwa hilo, na ana haki yake.

Basi tukalala koridoni, kati ya mashine ya soda na mlango wa choo. Mama alivua kitenge cha juu akakitandika kwenye zulia, mjukuu akamweka upande wa ukutani, yeye akajilaza upande wa wapita njia, viatu kavifanya mto. Kiyoyozi kinapuliza kama tuko kwenye bucha. Saa saba usiku kapita mzee mmoja na mbwa wake, manyoya yamechanwa vizuri, wakaingia zao kwenye kebini. Feri zile zina kebini za wenye mbwa. Mama alimfuata yule mbwa kwa macho mpaka mlango ukafungwa, akaniuliza kwa Kihaya kama naye kalipa nauli.

Igoumenitsa tumeshuka saa nne asubuhi. Friji bila umeme na bila gesi ni kabati tu. Kuku kachacha, maziwa ya mtoto yameganda, na bakuli la ndizi na maharage alilopika mama kwa ajili ya safari lilipofunguliwa tukafungua na milango yote ya gari.

Kurudi na feri yao mama kakataa katakata. Viza yake ni ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ya kuingia mara moja, ukitoka hurudi, kwa hiyo Albania na Serbia hatukuweza kukanyaga. Pona yetu ni kwamba tangu Januari 2025 Bulgaria na Romania ni Schengen hata kwa barabara, nikazunguka huko, Sofia, Budapest, Vienna, siku tatu kwenye usukani. Tiketi ya kurudi ikaliwa.

Nikawaandikia malalamiko. Sheria ya Ulaya ya abiria wa majini, namba 1177 ya 2010, inakupa miezi miwili kulalamika, na wao ndani ya mwezi mmoja wakwambie wamekubali, wamekataa au wanachunguza. Nimejibiwa mistari miwili: meli ilifika kwa wakati, hakuna fidia. Nani kauliza habari ya wakati? Nilichonunua ni mahali pa kulala!

Swali langu kwa wadau wa Italia: kuna aliyewahi kupeleka kesi kama hii kwa ART, mamlaka yao ya usafiri, akalipwa? Au niende moja kwa moja kwa mwanasheria?

Na wale mtakaosema "picha au uongo", picha ya mama koridoni ninayo. Kanikataza kuiweka. Anasema ikifika Bukoba watu watadhani ndivyo tunavyoishi huku.