Sekondari mpya ya miradi: ratiba na alama zipangwe vipi?

Mwalimu_G10
Hamjambo walimu. Shule ya umma ya kutwa hapa Kenya inafungua Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu: darasa moja, wanafunzi 45, vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Bodi inataka miradi tangu muhula wa kwanza. Tatizo, kengele inalia kazi ikianza kunoga. Tena katika kundi la watano, mmoja hufanya na wanne huvuna alama. Mnashauri nini?

RatibaKwanza
Anza na ratiba, mwalimu, maana ndiyo inayoua miradi mingi. Unganisha vipindi viwili viwili upate dakika 80, mara tatu kwa wiki, katika masomo mawili yanayochangia mradi mmoja, mfano Fizikia na Jiografia. Kipindi kimoja hakitoshi: ukishatoa vifaa na kuvirudisha, dakika 20 zimekwenda. Hisabati iachie vipindi vyake, kwa sababu mada zake zinajengana na haziwezi kungoja mpaka mradi uzihitaji. Mwaka wa kwanza, mradi mmoja kwa muhula. Mitatu kwa mpigo itawachosha walimu kabla ya wanafunzi.

High Tech High ya San Diego, Marekani, shule ya umma iliyofunguliwa mwaka 2000, ina desturi mbili zinazofaa kuigwa. Mwalimu hufanya mradi mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi. Kisha huueleza mbele ya walimu wenzake, hujibu maswali ya ufafanuzi, halafu hunyamaza huku wao wakiujadili. Kule kunyamaza ni muhimu sana: anasikia kasoro badala ya kuzitetea.

MabatiNaMifereji
Kwa mradi wa kwanza, chukueni uvunaji wa maji ya mvua. Vipimo vyake vinakaguliwa kwa macho na shule inabaki na maji.

Paa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,600. Kwenye mabati kadiria kupoteza asilimia 20, zibaki 1,280. Maji ya mwanzo yatupwe, nusu lita kwa kila mita mraba, yaani lita 80. Hapa ndipo makundi hukosea: huweka kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita moja, kumbe kinashika lita 8 tu, na vumbi na kinyesi cha ndege vinaishia tangini. Tumieni pipa la lita 100.

Mfereji uinamishwe sentimita 1 kwa kila mita. Kwa urefu wa mita 20, shusheni maji katikati, la sivyo ncha moja itakuwa chini sentimita 20 na mvua kubwa itaruka nje. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, kwa hiyo msingi wake ujengwe na fundi. Wanafunzi wapige hesabu, wasiumwage wao.

Mwalimu_G10
Asante sana. Na alama?

DaftariLaMradi
Alama 30 za kundi, 70 za mtu binafsi. Hizo 70 zitoke kwenye daftari la mradi la kila mwanafunzi (mchoro, vipimo, kilichoharibika na sababu yake) na maswali ya ana kwa ana. Dakika mbili kwa kila mmoja, wanafunzi 45, ni dakika 90, kwa hiyo gawa katika vikao viwili. Muulize kuhusu sehemu iliyofanywa na mwenzake. Asiyeshiriki hujulikana kwa swali la pili.

Tangaza siku ya maonyesho kwa wazazi kabla mradi haujaanza, na weka vituo vya ukaguzi: mchoro wiki ya 2, jaribio wiki ya 4, toleo la kwanza wiki ya 6. Bila vituo hivyo kazi yote hulundikana wiki ya mwisho na mzazi ndiye anayeimaliza usiku.

Siku ya maonyesho, bandika kando ya kila kazi matokeo ya mtaala yaliyofikiwa, somo kwa somo. Wazazi watauliza kuhusu mtihani wa taifa kabla hawajauliza kuhusu tangi.