Naomba ushauri: nimpeleke mzee wapi akaone injini za mvuke za Saksonia?

Wakuu habari zenu, mi nipo Leipzig, jimbo la Saksonia huku Ujerumani, mzee wangu anakuja mwezi wa nane, alikuwa fundi wa karakana ya reli na kila akipiga simu ni stori za gari moshi tu. Nataka akaone zile injini za mvuke aina ya IV K za reli ya zamani ya Saksonia, kiwanda cha Hartmann cha mjini Chemnitz kilitengeneza 96 kuanzia 1892 hadi 1921, ni vidogo vya reli nyembamba ya upana wa milimita 750 ila vina silinda nne na bogi mbili (fremu za magurudumu zinazogeuka), kona kali vinapita kama nyoka. Sasa nimpeleke Jöhstadt au Mügeln, miji miwili ya huku yenye reli nyembamba za hizo injini? Mügeln nabadilisha treni mara moja tu, pale Oschatz, Jöhstadt treni ya kawaida haifiki na mzee magoti hayo. Na dereva akiombwa vizuri anamruhusu achungulie tanuru?