Bunduki za Wamarekani: za kumzuia mfalme au za kumzuia mtumwa?

Wakuu, kila Marekani inapotikiswa na mauaji ya bunduki, watetezi wa silaha huleta hoja ileile: waasisi waliwaachia raia bunduki ili asije mtawala akawaonea tena. Kwangu hiyo ni nusu ya habari.

Nusu hiyo siibishii. Aprili 19, 1775 askari wa Mwingereza waliotoka Boston walikuwa wanakwenda Concord kutwaa silaha na baruti za mgambo, yaani raia wenye silaha wa makoloni, na njiani, Lexington, ndipo risasi zikaanza kulia. Siku mbili baadaye gavana wa Mwingereza huko Virginia, Lord Dunmore, akahamisha baruti ya ghala la Williamsburg usiku usiku. Watu waliofanyiwa hivyo lazima wangeandika kwenye katiba haki ya raia kumiliki na kubeba silaha, na mwaka 1791 wakaiandika.

Ila mgambo wenyewe walikuwa na kazi gani miaka yote kabla ya hapo? Huko Kusini, pamoja na kupigana na wenyeji wa asili, kazi kubwa ilikuwa kuwabana watumwa. Virginia ilishapiga marufuku tangu 1680 mtu mweusi kubeba silaha, hata rungu. South Carolina mwaka 1739 iliwaamuru wanaume weupe waende kanisani Jumapili na bunduki, maana ndiyo siku watumwa walipumzika. Na kweli, Septemba hiyo, siku ya Jumapili, watumwa wa Stono, hukohuko South Carolina, wakaasi, wakavunja duka na kuchukua bunduki na baruti. Mgambo ndio waliowazima.

Halafu tazameni sheria ya mgambo ya 1792: kila raia huru mweupe wa miaka 18 hadi 45 ajinunulie gobole, singe, mawe mawili ya akiba ya kuwashia, na mfuko wa risasi 24. Hiyo ni haki au ni amri? Mimi naona amri.

Kuna atakayenijibu kwamba kesi ya 2010 iliyoilazimisha Chicago kuheshimu haki hiyo ilifunguliwa na mzee mweusi, Otis McDonald, aliyetaka bastola ya kulinda nyumba yake. Jibu zito, nakubali. Lakini tangu 2022 Mahakama ya Juu inataka sheria ya silaha ilingane na desturi ya kale ya nchi. Sheria ya 1680 nayo ni desturi ya kale. Wanasheria mliopo, jaji aihesabu au aitupe? Na akiitupa, kwa kigezo gani?