Msambazaji wangu wa vitambaa Surat kanyamaza tangu Diwali, nimepigwa au ndo utaratibu wao?

mama_majora (Mwanza)
Habari zenu wadau. Mimi nauza vitambaa hapa Mwanza, zaidi vya madera na lesi za sare za harusi, miaka yote nachukua mzigo Kariakoo ila safari hii nikasema ngoja nivute mwenyewe toka Surat, India, maana wengi wa Kariakoo ndo wanakotoa hukohuko. Nikaunganishwa na jamaa mmoja na rafiki yangu wa Dar, tukachati vizuri tu, kila ninachouliza yeye "hakuna tatizo sista", bei akaniambia ndo ya mwisho kabisa alafu kesho yake akashusha mwenyewe bila kuombwa. Nikatuma advansi asilimia 30. Sasa tangu wiki ya Diwali kimya, tiki za bluu zipo jibu hamna. Nimepigwa?

Na lingine linaniuma, wenzie Wahindi anawapa mali kauli miezi miwili mpaka mitatu, mimi anataka hela yote kabla jora halijatoka godauni. Ni dharau au? Na nikiamua kwenda mwenyewe nijipangeje?

Kusi_na_Kaskazi
Tulia kwanza dada angu. Diwali kwa Wagujarati, wenyeji wa jimbo la Gujarat ulipo huo mji wa Surat, sio sikukuu ya kula pilau ukarudi dukani kesho, ndo wanafunga mwaka wa hesabu za kimila. Usiku wa Diwali wanafanya Chopda Pujan, yani madaftari mapya ya hesabu, yale ya jalada jekundu, yanawekwa mbele ya miungu yao Lakshmi na Ganesh yanaombewa, ukurasa wa kwanza unaandikwa Shubh na Labh, baraka na faida, siku hizi wengine wanaweka na laptop pale pale. Alafu unaingia mwaka mpya wa Kigujarati, na wengi hawafungui maduka mpaka siku ya 5 ya huo mwaka, inaitwa Labh Pancham. Hata soko la hisa la Mumbai siku ya Diwali linafungua kama lisaa limoja tu kwa ajili ya baraka, na wanafanya ivo tangu 1957.

Na usidhani wakifungua ndo mzigo unatoka. Wanaoendesha mashine za kufuma pale Surat wengi sio wenyeji, ni vijana wa majimbo ya mbali, Odisha, Bihar na Uttar Pradesh, wakishaenda kwao hawarudi chapchap, wa Bihar wana sikukuu yao ya Chhath siku chache tu baada ya Diwali. Kwaiyo duka linaweza kuwa wazi, chai inachemka, ila mashine zimelala. Ukiagiza, agiza mapema kabla ya mwezi wa 9, na uangalie sikukuu yao nyingine ya Holi pia, mwezi wa 3 hivi.

Mzee wa Risiti
Mnampa mwenzenu faraja kama kafiwa, na je kama kweli kapigwa? Dada omba namba yake ya GST, ile kodi yao ya mauzo kama VAT yetu. Kila mfanyabiashara wa maana kule anayo, ina tarakimu na herufi 15, mbili za mwanzo ni namba ya jimbo na Gujarat ni 24. Ingia kwenye tovuti yao ya GST, unaitafuta bure, inakuletea jina la biashara na kama bado iko hai. Alafu kuanzia ya 3 mpaka ya 12 ni PAN yake, yani namba ya mlipa kodi kama TIN yetu, na namba ya kusafirisha nje wanayoiita IEC siku hizi inafanana na hiyo PAN. Asipokuwa na IEC basi yeye sio muuzaji wa nje, ni dalali anasimama katikati, sio dhambi ila ujue unalipa tumbo la nani. Na jina la akaunti uliyotuma hela lifanane na jina la hiyo GST. Halifanani? Hapo sasa ndo uanze kuogopa.

chuma_ulete
Wahindi ni wabaguzi tu, kwa wao mali kauli kwako keshi. Mwisho wa mada.

Dalali Mstaafu
@chuma_ulete sio mwisho wa mada, ndo mwanzo. Mimi nimekaa na hawa watu sana. Pale Surat muuzaji hamkopeshi mtu kwa sababu ni Mhindi, anakopesha kwa sababu katikati kuna dalali au yule wanayemwita adatiya, huyu anamjua mnunuzi wa Kolkata au Patna, anajua baba yake, anajua duka lake, na mnunuzi akikimbia ni jina la adatiya linaloharibika soko zima. Wafanyabiashara wa vitambaa pale wengi ni Marwari waliotoka Rajasthan, kwenye almasi wamejaa Wapatel wa Saurashtra, upande mwingine wa Gujarat, na kila kundi lina ndoa zake, mahekalu yake, misiba yake, kwaiyo mtu akidhulumu habari inafika harusini kabla hajafika mahakamani. Wewe dada hapo katikati umemweka nani? Tiki za bluu. Hata Mmarwari mwenzie akitokea bila mtu wa kumtambulisha analipa keshi.

Na hata hiyo mali kauli imepata misukosuko. Serikali yao ilileta kipengele kwenye sheria ya kodi ya mapato, 43B(h), kimeanza kutumika na mwaka wa fedha 2023/24, kwamba ukinunua kwa kiwanda kidogo usipolipa ndani ya siku 45, au 15 kama hamna mkataba wa maandishi, hayo manunuzi hayakupunguzii kodi mpaka ulipe. Surat palichafuka, watu walizoea siku 90 na zaidi, wanunuzi wengine wakaanza kufuta oda. Kwaiyo na yeye huenda kabanwa na wanaomfumia.

binti_wa_Tandika
Kuhusu safari, mie nashukaga Mumbai alafu treni mpaka Surat masaa matatu manne hivi. Ukibeba dola za noti zaidi ya 5,000 ujaze fomu ya forodha uwanjani, usijifanye mjanja. Masoko yako Ring Road, maghorofa kwa maghorofa, ndani unavua viatu unakaa kwenye magodoro meupe wanakumwagia vitambaa mpaka unachanganyikiwa, hapo ndo usikubali kukimbizwa. Mie nachomoa uzi nachoma na kiberiti, poliesta inajikunja inaacha kidonge kigumu, pamba inabaki jivu. Na jora nalipima mita mbele yao, wala hawanuni. Uliza pia bei ina GST ndani au bado. Akitikisa kichwa huku na huku usihesabu kama ndio, mwambie akuandikie. Wakisema laki ni laki yetu hiihii, krori ni milioni 10.

Chai ukipewa kunywa, kikombe chenyewe cha kidole. Nyama kwenye maofisi yao usiulizie, wale wa dini ya Kijaini hata kitunguu hawagusi, ukitaka biriani ya maana nenda mitaa ya Waislamu. Na pombe Gujarat ni marufuku tangu jimbo linaanza 1960, mgeni mpaka kibali, hilo waambie mliosafiri nao.

mama_majora (Mwanza)
Asanteni jamani. Nimemwomba GST kajibu leo hii asubuhi, et soko ndo limefunguka na wafumaji hawajarudi, kama alivosema @Kusi_na_Kaskazi. Namba inaanza na 24, tovuti inasema iko hai, jina la duka ni lilelile. Ila akaunti niliyotuma ina jina la mtu mwingine, anasema ni ya shemeji yake 😩

Mzee wa Risiti
Shemeji tena! Usiongeze hata senti. Mwambie asilimia 70 zitaingia kwenye akaunti yenye jina la biashara, kwa invoisi yenye namba ya GST na ile advansi yako imeandikwa humo kwamba imepokelewa. Na huyo rafiki yako wa Dar aliyekuunganisha mpigie leo, yeye ndo adatiya wako.