Msaada wakuu: aplikesheni ya kuua programu za chinichini inaokoa betri au inaimaliza?

Mtandahimba_07
Habari za jioni wakuu. Niko Tandahimba. Simu ni Android 10, RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi) GB 2, hifadhi GB 32 imebaki GB 1.5, betri 4,000 mAh. Ilipokuwa nzito nikawekewa aplikesheni ya kuua programu zinazoendelea chinichini. Kila skrini ikizimika inasafisha yenyewe na kuandika "MB 600 zimeachiliwa". Lakini chaji iliyokuwa inafika saa mbili usiku sasa inakata saa tisa alasiri, na meseji za WhatsApp haziingii mpaka niifungue. Minada ya korosho imeanza na taarifa zote za AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) zinapita kwenye kundi la WhatsApp. Niibakize au niiondoe?

Bandari_Mikindani
Iondoe leo. Ikigoma kufutika, nenda Mipangilio > Usalama > programu za msimamizi wa kifaa, iondolee ruhusa hapo kwanza, ndipo uifute.

FundiLigula
Mkuu, hiyo namba ya MB 600 ndiyo inayowapoteza watu wengi. RAM iliyojaa na RAM tupu zinakula umeme karibu sawa, kwa sababu chipu yote inahuishwa muda wote, iwe na kitu au haina. Programu iliyotulia ndani ya RAM bila kazi haiigusi prosesa. Ukishaiua, ukiihitaji tena itasomwa upya kutoka kwenye hifadhi, ijipange upya, iunganishwe na seva upya. Kazi hiyo ndiyo inayokula chaji. Ni kama kumwaga makaa kila ukiepua chungu, halafu unawasha jiko upya kwa chungu kinachofuata.

Halafu kuna vuta nikuvute. Programu nyingi zina huduma ambazo mfumo umeagizwa kuziamsha zikifa. Muuaji akiua kwa amri ya kawaida, Android inafufua, muuaji anaua tena. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu ikilala bila kuguswa mfumo huzikusanya kazi za programu na kuziruhusu kwa vipindi vichache tu. Wewe umeweka mlinzi anayekesha kusubiri skrini izimike ili aanze kazi, yaani saa ileile simu ilitakiwa ipumzike.

WhatsApp yako haijaharibika. Baadhi ya hizo aplikesheni, na yako inaelekea ni mojawapo, huenda mbali zaidi: hutumia ruhusa ya Ufikivu (Accessibility) kubonyeza "Lazimisha kusimamisha" kwa niaba yako. Programu iliyosimamishwa namna hiyo haiamshwi na ujumbe unaoingia mpaka uifungue kwa mkono wako. Kwa hiyo tangazo la mnada litakupita.

Na hapa nasisitiza sana: mwenye ruhusa ya Ufikivu anaweza kusoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza badala yako, hata kwenye menyu ya pesa za simu. Usimwachie mlango huo msimu wa malipo. Ukishaifuta, badilisha namba ya siri.

Korosho_Daraja1
Mkuu Fundi, hapo kwenye RAM ndogo sikubaliani nawe. Simu ya GB 2 ukifungua kamera huku Facebook iko nyuma inaganda kabisa. Ukiua hizo za nyuma inafunguka. Sasa utasemaje haisaidii?

FundiLigula
Unachokiona ni kweli, Mkuu. Ila Android ina muuaji wake wa ndani anayepanga programu kwa umuhimu: uliyo nayo mbele ya macho ni ya mwisho kuguswa, iliyosahaulika muda mrefu ndiyo ya kwanza. Kamera ikihitaji nafasi, anaitoa. Kwenye GB 2 kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa, na hapo ndipo simu inakwama. Ukitaka kuifungia Facebook kabla ya kupiga picha, itelezeshe kwa kidole kwenye orodha ya za karibuni. Hiyo ni programu moja, kwa sababu moja, na haihitaji aplikesheni ya kukesha. Google wenyewe wameufunga mlango huu kidogo kidogo. Tangu Android 14 ya 2023, aplikesheni ya kawaida ikitumia amri ile ya kuua programu za nyuma inajiua yenyewe tu.

Kwa muuliza swali, uzito wa simu yako naushuku kwenye hifadhi. GB 1.5 kati ya 32 ni hatari: kumbukumbu ya flashi ikikaribia kujaa huandika polepole sana. Fika angalau GB 4. WhatsApp > Mipangilio > Hifadhi na data > simamia hifadhi, futa video zilizosambazwa, kisha zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video. Weka Facebook Lite mahali pa Facebook kubwa. Zima simu, iwashe. Baada ya siku mbili fungua Mipangilio > Betri, utuletee asilimia.

Mtandahimba_07
Asanteni. Nimeifuta na nimefikisha GB 5. Leo siku ya pili: WhatsApp zinaingia zenyewe, kamera inafunguka haraka. Betri inafika saa kumi na mbili jioni, bado si kama zamani. Asilimia: mtandao wa simu 34, skrini 25, WhatsApp 7.

Bandari_Mikindani
Hiyo 34 ndiyo mwizi wako sasa. Mipangilio > Kuhusu simu > hali ya SIM, angalia nguvu ya mawimbi ukiwa nyumbani na ukiwa shambani. Kwa 4G, -90 dBm ni nzuri, -110 ni dhaifu, ukikaribia -120 simu inahangaika: inaongeza nguvu ya kurusha na kurukaruka kati ya 4G na 3G. Palipo hivyo chagua 3G tu kwenye aina ya mtandao, ukirudi mjini rudisha 4G. Pasipo na mnara kabisa weka hali ya ndegeni. Kama una laini mbili na moja hutumii, izime.

MamaNachingwea
Naongeza la chaji, mdogo wangu. Wengi huku tunachaji kwa sola, na simu inawekwa pale pale juu ya bati karibu na paneli. Usifanye hivyo. Betri ya lithiamu inazeeka upesi ikichajiwa ndani ya joto. Vuta waya mrefu, simu ikae kivulini, kava litoke. Na kagua mgongo wa simu: ukiuona umetuna au skrini imeanza kuachia pembeni, usiichaji tena, mpelekee fundi abadilishe betri.

Mtandahimba_07
Nimepima: nyumbani -98, shambani -117. Kesho naiweka 3G. Mgongo uko sawa, haujatuna.

FundiLigula
-117 inatosha kueleza yote. Ikifika saa mbili usiku kesho, usiguse kitu kingine. Isipofika, tuma asilimia tena pamoja na umri wa betri.